Jinsi ya kupima kama bakteria wa majini wamezoea uchafuzi wa shaba

Ukipanda maji ya mto uliochafuka kwenye sahani ya maabara yenye lishe iliyotiwa shaba na bakteria wakaota, bado hujajua mengi. Huenda dhaifu walikufa zamani, wakabaki sugu waliokuwepo tangu mwanzo. Huenda kila seli imewasha tu pampu zake za kutupa shaba nje, na itazizima sumu ikiisha. Au huenda wamepata jeni mpya, mara nyingi kupitia plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpitishia jirani yake, hata wa spishi nyingine. Jaribio hili hulitenga jambo la pili na hayo mengine mawili. Kutenganisha la kwanza na la tatu kunahitaji kusoma DNA.

Hatua ya 1: Chagua sehemu mbili. Moja iwe upande wa juu wa mto, kabla ya mahali uchafu unapoingilia, nyingine upande wa chini, baada yake. Kina, kasi ya maji na mwanga vilingane, la sivyo utakuwa unalinganisha kivuli na jua.

Hatua ya 2: Tega slaidi za kioo. Ziache majini wiki tatu. Maji yenyewe hupita na bakteria wake, ila utando unaoota juu ya kioo ni wa wakazi waliokaa na uchafuzi huo mchana na usiku. Hao ndio tunaowataka.

Hatua ya 3: Andaa agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Agari yenye lishe nyingi hushika shaba na kuifunga, hivyo bakteria huonekana sugu kumbe sumu haiwafikii. Tumia agari ya lishe hafifu, kama R2A. Ichemshe kwa mvuke wa shinikizo, iache ipoe hadi karibu nyuzi 50, ndipo uongeze salfeti ya shaba iliyochujwa vijidudu. Tengeneza viwango vya miligramu 0, 60, 125, 250 na 500 za fuwele kwa lita (miligramu 250 ni karibu milimoli 1). Pima pH (kipimo cha asidi) ya kila kiwango na uirudishe karibu na 7, kwa sababu shaba huishusha, na asidi peke yake inaweza kuua bakteria ukadhani ni shaba.

Hatua ya 4: Panda na uhesabu. Kwangua utando, uchanganye vizuri kwenye maji safi yasiyo na vijidudu, kisha upunguze mara 10 kwa kila hatua: mililita 1 ndani ya mililita 9. Sambaza mililita 0.1 kwa kila sahani, uache kwenye nyuzi 20 hadi 25 kwa siku saba. Hesabu sahani zenye koloni (vidoa vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) 30 hadi 300 tu. Kwa kila sehemu, tafuta kiwango cha shaba kinachopunguza koloni hadi nusu ya zile za sahani isiyo na shaba. Kikiwa juu zaidi kwa utando wa upande wa chini wa mto, jamii hiyo imekuwa stahimilivu.

Hatua ya 5: Waondolee sumu. Ukiruka hatua hii, usitamke neno "kubadilika". Chukua koloni kumi zilizoota kwenye miligramu 250, uzioteshe kila moja katika lishe ya maji isiyo na shaba. Hifadhi sehemu ya kila moja kwenye friza pamoja na gliseroli, kimiminika kinachokinga seli zisiharibiwe na barafu. Kila lishe inapopoteza uangavu, hamisha mililita 0.1 kwenda mililita 9.9 mpya. Kila uhamisho ni takriban vizazi sita na nusu, kwa hiyo mara kumi hupita vizazi 60. Kisha wapande tena kwenye shaba, pamoja na ndugu zao wa friza.

Wakiota sawasawa, ustahimilivu unarithiwa. Wote wakishindwa, yaelekea walikuwa wamejizoeza tu. Wakigawanyika, baadhi wakiota na wengine la, shuku plasmidi: kuibeba hugharimu nguvu, na pasipo sumu wanaoipoteza hukua haraka zaidi.

Hatua ya 6: Jaribu viuavijasumu. Usiiache. Jeni za kustahimili metali na za kustahimili dawa mara nyingi hukaa kwenye plasmidi moja, hivyo shaba pekee inaweza kueneza usugu wa dawa ambazo hazijawahi kumwagwa mtoni.

Ukimaliza, chemsha sahani zote kwa mvuke wa shinikizo kwa nyuzi 121 kwa dakika 20, na mabaki ya shaba uyakusanye kwenye chupa ya taka za metali. Usiyamwage kwenye sinki.