Kuacha jibini ukiwa Mwanza: anzia kwenye unga wa dengu

Nilipoacha vyakula vya wanyama, nyama haikunisumbua. Sato nilimkumbuka wiki mbili tatu, hasa nikipita Kirumba jioni watu wakikaanga. Kilichonishinda ni jibini. Mimi ni mpishi. Nimepanga piza kwenye jiko la hoteli kwa miaka, na kila bakuli la jibini iliyokunwa lililopita mbele yangu nililidokoa. Niliacha mara tatu nikarudi. Mara ya nne nilifanya hivi.

Hatua ya 1: Jiulize unaacha kwa nini

Kama sababu ni tumbo kujaa gesi, usikimbilie kulaumu jibini. Jibini ngumu iliyokaa miezi hubaki na laktosi, yaani sukari ya maziwa, kidogo sana. Huenda mkosaji ni ile chai ya maziwa ya asubuhi. Kama ni kwa ajili ya ng'ombe wenyewe, basi ujue pia kwamba baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Mimi hilo lilinitosha.

Hatua ya 2: Ujue ulimi unadai nini

Kilo moja ya jibini ngumu hula takriban lita 10 za maziwa. Maji yameondolewa, mafuta na protini vimebaki, chumvi imeongezwa, bakteria wameleta uchachu, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyopata ile ladha nzito inayokufanya urudishe mkono. Ukitafuta kitu chenye sura ya jibini utachoka. Tafuta hivyo vinne: mafuta, chumvi, uchachu, ladha nzito. Karanga, ufuta na korosho vina mafuta. Ubuyu, limau na ukwaju vina uchachu. Uyoga na nyanya vilivyoanikwa juani vina ladha nzito. Chumvi unayo.

Hatua ya 3: Pika mgando wa dengu

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Dengu ni zao la huku huku: Magu, Kwimba, Misungwi hadi Shinyanga, hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea kuisha, zikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Sisi wa mjini tunazijua kwenye bajia tu. Watu wa Shan kule Myanmar wao huugeuza unga wake kuwa mgando unaokatika vipande, bila dawa yoyote ya kugandisha. Ukiiva na kupoa, unajishika wenyewe.

Chukua unga wa dengu kikombe 1, maji vikombe 3, chumvi kijiko kimoja cha chai, manjano kidogo, punje mbili za kitunguu saumu zilizotwangwa, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula na unga wa ubuyu kijiko 1 cha chakula.

Koroga unga kwenye nusu ya maji, yakiwa baridi, kisha chuja. Usiruke kuchuja. Mara yangu ya kwanza nilimwaga unga mkavu kwenye maji yanayotokota nikapata madonge kama kokoto. Watoto waliuliza kama ni bajia zilizokosa mafuta. Nusu nyingine ya maji ichemshe na chumvi, manjano, kitunguu saumu na mafuta. Punguza moto, mimina ule mchanganyiko taratibu huku mkono mwingine ukikoroga, na usiache kukoroga kwa dakika 8 hadi 10. Umeiva pale mwiko unapoacha njia chini ya sufuria na harufu mbichi ya dengu imekata. Ukiuwahisha, utakuwa na uchungu. Ubuyu unaingia mwisho kabisa, ukiwa unaepua.

Mimina kwenye bakuli lililopakwa mafuta, uache saa 2. Kata vipande, weka kwenye mkate na nyanya, au kaanga mpaka pembe ziwe kahawia. Kwenye friji unakaa siku 3. Nikuambie mapema: hauyeyuki. Usiutie kwenye piza ukanitukana.

Hatua ya 4: Cha kuyeyuka, tumia korosho

Chemsha nusu kikombe cha korosho zisizokaangwa kwa dakika 15, mwaga maji yake, kisha saga laini na kikombe 1 cha maji, maji ya limau kijiko 1, chumvi, na wanga wa muhogo vijiko 2. Wanga, si udaga. Koroga kwenye moto mdogo dakika chache. Ghafla utaona inavutika. Korosho zinatoka kusini, Mtwara na Lindi, na huku bei yake inauma, kwa hiyo hii ni ya siku ya wageni. Karanga zinaweza kushika nafasi, ila piza itanukia karanga.

Hatua ya 5: Vilivyojificha

Skonzi, biskuti, chapati za samli. Kwenye lebo, kasini na wei ni maziwa.

Hatua ya 6: Usidanganyike kuhusu lishe

Umeacha jibini, na pengine dagaa waliokuwa wakikupa kalsiamu kwa mifupa yao. Ulezi una takriban miligramu 340 kwa gramu 100. Mchicha usiutegemee kwa hili, kwa sababu oksaleti iliyomo inazuia sehemu kubwa ya kalsiamu yake isiingie mwilini. Vitamini B12 haipatikani kwenye dengu wala kwenye mboga yoyote, nunua vidonge. Mjamzito azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kubadili chochote.

Hatua ya 7: Ukweni

Kwimba, mtindi unaletwa kwenye kibuyu, na kukataa ni kama kukataa salamu. Mimi nilikwenda na mgando wangu umefungwa kwenye jani la mgomba. Mama mkwe akaangalia mkono wangu uliorudi nyuma.

"Mkwe, maziwa yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea, mayu. Nimeyapumzisha tu. Naomba nile ugali na nsansa, na wewe uonje hii."

Akaonja, akatafuna polepole, akasema chumvi haitoshi. Alikuwa sahihi, kipimo nilichokupa hapo juu ni cha baada ya siku ile. Safari iliyofuata nilikuta debe la dengu limewekwa mlangoni kwa ajili yangu.