Usiache miche ya mpunga izeeke kitaluni ukingoja mvua

Mkulima wa majaruba (mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za udongo) wa Shinyanga, Mwanza au Tabora hana mfereji wa kufungua. Maji yake ni yale yanayoteremka kutoka miinukoni na kunaswa na kingo. Ndiyo maana kosa ninalokutana nalo sana huanzia kitaluni. Mvua za kwanza zikidondoka tu, mbegu yote inamwagwa siku moja. Halafu mvua inakata, jaruba linapasuka nyufa, na miche inabaki palepale, imebanana, hadi siku 40 au zaidi.

Mche bora wa kupandikiza una siku 15 hadi 21 na majani matatu au manne. Ukizeeka kitaluni unakosa nafasi ya kutoa machipukizi ya mapema, na hayo ndiyo yangebeba masuke mazuri.

Mwaka huu gawa mbegu mafungu matatu, usie kila fungu siku kumi baada ya lililotangulia. Jaruba likijaa, chukua miche yenye umri unaofaa. Ndiyo, huenda fungu moja likapotea bure, lakini mbegu kidogo si kitu mbele ya jaruba zima la mpunga uliodumaa.

Kwa kuwa utasia kidogo kidogo, chagua mbegu vizuri. Tia yai bichi kwenye ndoo ya maji, koroga chumvi mpaka yai lielee na kutokeza kipande cha ukubwa wa sarafu. Toa yai, mimina mbegu, engua mapepe (mbegu tupu) yote yanayoelea. Zilizozama zisuuze hadi chumvi iishe (wengi hulipua hapa, kisha wanalaumu mbegu), loweka saa 24, halafu ziatamie ndani ya gunia lenye unyevu hadi zianze kuchipua.

Panda miche miwili au mitatu kwa shimo, sentimita 20 kwa 20, kina kisizidi sentimita tatu.

Mvua ikikuchezea na ukabaki na miche mikubwa tu, ipande hiyohiyo: miche minne au mitano kwa shimo, nafasi ipungue hadi sentimita 15. Ila usiikate ncha kwa mundu ili isilale. Najua wazee walifanya hivyo, lakini mundu uliogusa mche mmoja wenye kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa manjano, huupeleka kwenye kila tita linalofuata.