Kukinga chumba cha eksirei kwa mawe, zege na baraiti

Kabla fundi hajachanganya chochote, mwenye kliniki awe na hesabu ya mtaalamu wa fizikia ya tiba mkononi, inayotaja kilovolti ya juu ya mashine na milimita za risasi (metali nzito, lead) ambazo kila ukuta unapaswa kulingana nazo. Tanzania hesabu na ramani hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC). Kenya hupelekwa KNRA, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Kuta za chumba kimoja hazilingani. Ule unaopigwa na mionzi ya moja kwa moja, nyuma ya stendi ya kupigia picha za kifua, huhitaji kinga kubwa kuliko unaopata mionzi iliyotawanyika tu, na ukuta wa ofisi anakoshinda mtu siku nzima huhitaji zaidi ya ule wa stoo. Mtu wa kawaida upande wa pili hapaswi kuzidisha milisiveti 1 kwa mwaka.

Halafu chagua nyenzo ya kukingia kulingana na nguvu ya mionzi. Kwa eksirei ya kawaida, risasi ya mm 2 hufanya kazi ya zege imara la takriban mm 150. Risasi hiyo ina uzito wa kilo 23 hivi kwa mita ya mraba. Zege hilo lina karibu kilo 350. Atomu nzito, yaani risasi na bariamu iliyomo kwenye jiwe la baraiti, humeza mionzi hafifu kwa wingi kuliko uzito wake unavyoonyesha. Kwa kobalti 60, chanzo cha mionzi mikali ya kutibu saratani, faida hiyo karibu yote hupotea: nusu ya mionzi yake huzuiwa na risasi ya mm 12 au zege la mm 62, na uzito wa hivyo viwili kwa mita ya mraba unakaribiana sana. Ndiyo maana vyumba vya tiba ya saratani hujengwa kwa zege nene. Huko mwamba mzito uliopo karibu una thamani yake.

Jiwe usilipime kwa macho. Pima uzito wake likiwa kavu, lifunge kwa nailoni iliyobana, lizamishe kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, kisha kusanya na upime maji yaliyomwagika. Gawanya kilo za jiwe kwa kilo za maji. Graniti safi hutoa 2.6 hadi 2.7, baraiti safi karibu 4.5, zege la kawaida 2.3 hivi. Nailoni ni lazima kwa mawe ya matumbawe ya pwani: maji yakiingia kwenye matundu, jiwe litaonekana zito kuliko lilivyo. Kuta nyingi za zamani za mwambao ni za mawe hayo, na unene wake hudanganya.

Ukijenga kwa graniti, jenga safu mbili zenye viungo vilivyopishana, na jaza chokaa cha saruji kila kiungo hadi ndani. Kiungo kitupu kinachopita moja kwa moja ni mlango wa mionzi. Tofali za saruji zenye matundu zijazwe zege kila kozi inapopanda. Ukisubiri ukuta uishe, zege litakwama juu na kuacha uwazi chini.

Baraiti ndiyo njia nzuri kwa jengo lililokwisha kujengwa. Kenya inapatikana Vitengeni, Kilifi. Jihadhari na unga wa mawe ya chokaa unaouzwa kwa jina hilo: tia siki kidogo, chokaa hutoa mapovu, baraiti hutulia. Anza na simenti 1 kwa baraiti 4 kwa ujazo, ya chenga na laini pamoja, bila mchanga hata koleo moja. Jaza boksi la sm 10 kila upande, subiri likauke, lipime. Kama hesabu ilitumia kilo 3.2 kwa lita, boksi liwe na kilo 3.2. Likipungua, mchanganyiko umechakachuliwa au una maji mengi.

Plasta ya mm 20 hula kilo 64 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 5 kwa 4, kikikingwa hadi mita 2.1 kutoka sakafuni, huhitaji kama tani 2.4 kabla ya kutoa milango. Pigilia wavu wa chuma, rusha tabaka jembamba la kushikia, kisha panda kwa mm 8 hadi 10 kwa tabaka, siku moja kati yake. Ukipaka zote kwa mara moja, plasta huteleza kwa uzito wake na kupasuka. Changanya kidogo kidogo, maana baraiti huzama chini ya karai. Mwagilia siku 7.

Makosa mengi yapo kwenye matundu. Nyuma ya kila soketi na bomba weka bati la risasi linalovuka kingo, na risasi ya mlango iingiliane na ya fremu. Bati la risasi libandikwe kwenye plaiwudi, kwani likining'inia lenyewe hushuka taratibu na kuacha ufa juu. Vichwa vya misumari vifunikwe kwa risasi. Anayekata risasi avae glavu na barakoa, na anawe kabla ya kula; vumbi lake ni sumu.

Kabla ya rangi ya mwisho, mtaalamu mwenye kibali aweke dumu la maji la lita 20 mahali pa mgonjwa, awashe mashine kwa kilovolti ya juu, na apitishe kipimo upande wa pili, sm 30 kutoka kila ukuta, akisimama kwenye viungo, soketi na chini ya mlango. Panapovuja, pabomolewe siku hiyo hiyo na kupigwa upya, kabla fundi hajaondoka na vifaa vyake.