Jinsi ya Kulinganisha Korongo-nyangumi na Gorila wa Milimani

Mwanafunzi wa Goma aliyepewa kazi hii ana bahati, kwa kuwa wanyama wote wawili wanaishi katika nchi yetu: gorila yuko katika milima ya Virunga, karibu na mji, na korongo-nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana, yuko katika mabwawa ya Upemba, kule Katanga.

Kabla ya kuandika idadi, uliza ilipatikanaje. Kila jioni gorila hutandika kiota cha majani na kuacha kinyesi humo, nacho hukusanywa na kupimwa katika maabara ili mnyama mmoja asihesabiwe mara mbili. Ndiyo maana jumla ya 1,063, iliyotokana na sensa za Virunga na za Bwindi, huko Uganda, inaaminika. Korongo-nyangumi husimama peke yake ndani ya mafunjo, bila kutikisika, akimvizia samaki aitwaye kamongo, tena mahali pasipopitika kirahisi, kwa hiyo 5,000 hadi 8,000 wanaotajwa ni makadirio.

Kisha tazama mwelekeo, ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote. Mwaka 2018 IUCN, shirika la kimataifa linalopanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, ilimtoa gorila huyu katika kundi la walio hatarini kabisa na kumweka katika lile la walio hatarini, kwa sababu anaongezeka: safu ya Virunga, iliyokuwa na gorila 250 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikutwa na 604 katika sensa ya 2015 na 2016. Ndege, aliye katika kundi la hatari iliyo ndogo kuliko ya gorila, anazidi kupungua, na anayesoma majina ya makundi peke yake hatalitambua jambo hilo.

Usiseme pia kwamba ndege huzaa upesi. Gorila hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi; korongo-nyangumi hutaga mayai mawili kwa kawaida na kuyapoza kwa maji anayobeba mdomoni, lakini mara nyingi kinda mmoja tu hukua.

Katika vitisho, kwa gorila taja mitego ya waya, maradhi ya mapafu yanayotoka kwa watu, na miti ya msitu wake inayokatwa ili kuchoma makala (makaa) tunayopikia sisi wenyewe hapa Goma. Kwa ndege, taja moto, ng'ombe wanaokanyaga viota, na makinda wanaoibwa ili wauzwe hai.

Mwisho linganisha ulinzi. Gorila wana walinzi na madaktari wao. Huko Bangweulu, Zambia, wavuvi wenyewe hulinda viota vya korongo-nyangumi, na mfano huo unastahili kupendekezwa kwa Upemba.