Somo: Chumvi, Sukari na Mshumaa

Wanafunzi wengi hapa Kisumu hukariri kwamba badiliko la kimaumbile hurudishika na la kikemia halirudishiki. Kanuni hiyo huwapoteza. Swali la kuuliza ni moja: je, imetokea dutu mpya, au ni ileile iliyobadilika umbo au hali, yaani yabisi, kiowevu au gesi? Ikiwa ni mpya, badiliko ni la kikemia; ikiwa ni ileile, ni la kimaumbile.

Hatua ya kwanza. Koroga kijiko cha chumvi katika nusu kikombe cha maji moto hadi isionekane, kisha uyamimine kwenye sahani pana na kuianika juani. Maji yakishakauka, utakuta chembe nyeupe zimeshika sahani, nyingine zikiwa na pembe za mraba. Ni chumvi ileile, na maji yaliyogeuka mvuke bado ni maji.

Hatua ya pili. Tia sukari kidogo katika kijiko kikuukuu cha chuma, ukishike kwa koleo juu ya mwali wa mshumaa, mtu mzima akiwa karibu. Hapa usiharakishe. Chembe za pembeni hulegea kwanza, kisha rangi inakuwa ya asali, inakolea, povu linapanda, harufu inageuka, na mwishowe kinabaki kitu cheusi kisicho na utamu na kisichokorogeka majini. Hicho kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hidrojeni na oksijeni za sukari zimetoka, nyingi zikiwa mvuke wa maji. Kiswahili husema "kuyeyuka" kwa barafu inayokuwa maji na kwa sukari inayopotelea kwenye chai, kwa hiyo ni muhimu mwanafunzi aeleze anakusudia lipi.

Hatua ya tatu. Utazame mshumaa wenyewe. Nta inayotiririka ubavuni na kuganda tena imebadilika kimaumbile tu. Ile inayopanda kwenye utambi inakuwa mvuke, na mvuke huo unaungana na oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi na maji. Shikilia gilasi baridi juu ya mwali kwa muda mfupi, nawe utaona ukungu wa maji hayo ndani yake.

MASWALI

Swali: Mwalimu, gogo likipasuliwa kuni halirudi tena. Hilo si la kikemia?

Jibu: La. Kila kipande bado ni mti uleule. Kwa upande mwingine, betri ya gari inapotoa umeme, metali ya risasi na asidi ya salfuriki hufanya salfeti ya risasi, na inapochajiwa mambo hurudi nyuma. Hilo ni badiliko la kikemia, na linarudishika.

Swali: Hapa Nakuru kipimajoto changu hugota kwenye nyuzi 94 maji yakichemka. Kimeharibika?

Jibu: Hakijaharibika. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hivyo kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo na maji huchemka mapema. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu nyuzi 96. Kuchemka huko ni kwa kimaumbile, lakini kuiva kwa maharagwe ndani ya sufuria ni kwa kikemia, na kwa joto hilo dogo huchelewa.

Swali: Na omena, wale dagaa wa ziwani, wanaoanikwa ufukweni?

Jibu: Maji yanayowatoka ni badiliko la kimaumbile. Mafuta yao yakikaa sana hewani huungana na oksijeni, na ile harufu kali unayoisikia kwa omena wa siku nyingi inatokana na dutu mpya. Yote mawili yanaendelea juu ya wavu mmoja.