Jani na jino: namna ya kusoma visukuku vya Kretasia, hatua kwa hatua

Huwa nawaomba wanafunzi wachore dinosaria wa Tanzania akiwa nyumbani kwake. Karibu wote huchora mnyama mwenye shingo ndefu amesimama kwenye nyasi, mgunga nyuma yake, kana kwamba yuko Serengeti. Mnyama wanampatia. Wanachokosea ni nyasi. Kipindi cha Kretasia kilianza miaka milioni 145 iliyopita kikaisha miaka milioni 66 iliyopita, na mbuga kubwa za nyasi tunazozijua zilikuja baadaye sana.

Mifupa peke yake isingetuambia hivyo, wala majani peke yake yasingetuambia nani alikuwa akiyala. Ndiyo maana nafundisha kuvisoma pamoja. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa baiolojia, au yeyote anayeishi karibu na miamba ya aina hii na anataka kujua anachokiona.

Hatua ya 1: Kabla hujagusa

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, ni mali ya umma. Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Kuchimba bila kibali ni kosa, tena ni hasara, kwa sababu kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu kimeshapoteza nusu ya habari zake.

Unachoweza kufanya ni kupiga picha tatu: ya mbali inayoonyesha kilima au ukuta mzima, ya karibu inayoonyesha tabaka, na ya karibu kabisa ukiwa umeweka kalamu au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika vipimo vya GPS. Ukiona vipande vya mfupa vimetapakaa chini ya mteremko, usivikusanye. Panda taratibu ukivifuata hadi vinapoishia. Hapo ndipo vinapotokea.

Unatia shaka kama ni mfupa au jiwe? Kwanza angalia kwa lenzi ya mkononi. Mfupa una vitundu vidogo ndani, kama mkate. Watu wa kazi hii wana njia nyingine pia: hugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Mara nyingi mfupa hunata kwa sababu ya vile vitundu. Jiwe la kawaida halinati.

Na uwe na subira. Mnyamawamtuka, dinosaria wa bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2004 kwenye ukuta ulio juu ya mto Mtuka. Kumtoa kuliendelea hadi 2008, na jina lake la kisayansi, *Mnyamawamtuka moyowamkia*, lilitangazwa 2019. Hilo "moyo wa mkia" ni kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo.

Hatua ya 2: Soma udongo kabla ya mnyama

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na kwangu mimi ndiyo inayobeba zote.

Miamba ya Galula huko Rukwa, walikotoka Mnyamawamtuka na wenzake, ni myekundu. Wekundu ni chuma kilichopata kutu, maana yake hewa ilifika. Penye hewa, majani huoza upesi na mifupa ina nafasi ya kubaki. Tope la kijivu au jeusi ni kinyume chake: lilitulia chini ya maji yasiyo na hewa, majani yakabaki na mishipa yake yote. Ila maji ya kinamasi mara nyingi yana asidi, na asidi huyeyusha mifupa. Kwa hiyo jani na mfupa ni nadra kulala kitanda kimoja.

Ukikuta mifupa bila jani hata moja, basi, usiandike "hapakuwa na miti." Mimi niliandika hivyo nilipokuwa naanza. Nilisimama mbele ya ukuta wa tope jekundu, nikaandika daftarini: eneo kavu, halina mimea. Mwalimu wangu alisoma, hakusema neno, akanirudisha pale pale na lenzi. Ndani ya ule wekundu kulikuwa na mistari ya kijivu, myembamba kama nyuzi za katani, ikishuka wima na kugawanyika kadiri inavyokwenda chini. Ilikuwa mizizi. Ilipooza iliondoa wekundu kwenye udongo ulioizunguka. Nilikuwa nimeegemea ardhi iliyowahi kuota mimea, nami nimeandika haina kitu.

Tafuta pia vinundu vya chokaa kwenye tope. Hujijenga kwenye udongo unaokauka kwa msimu. Angalia na uso wa mfupa wenyewe. Mifupa ya *Shingopana songwensis*, dinosaria mwingine wa Rukwa aliyetangazwa 2017 (jina lake linajieleza), ina matundu ya wadudu waliotoboa baada ya mnyama kufa. Mzoga ulikaa wazi muda kabla ya kufunikwa, na hilo ni jambo la mazingira, si la mnyama.

Hatua ya 3: Hesabu kingo za majani

Ukibahatika kupata tope lenye majani, kumbuka kwamba jiwe likipasuka jani hubaki pande zote mbili. Tunza pande zote. Mara nyingi mishipa iliyofifia upande mmoja inaonekana vizuri upande wa pili.

Panga majani kwa sura, hata kama hujui jina la mmea. Chukua yale tu ya miti na vichaka vya maua, ambayo mishipa yake imesukwa kama wavu. Makangaga na jamii ya misonobari yaweke kando. Kisha angalia ukingo. Je, ni laini kama wa jani la mwembe au mkorosho? Au una meno kama jani la mforsadi? Penye joto, aina zenye ukingo laini ni nyingi. Penye baridi, zenye meno huongezeka. Uhusiano huu umepimwa kwenye misitu ya leo ya Asia Mashariki, ikapatikana kanuni:

Wastani wa joto la mwaka (°C) = 30.6 × sehemu ya aina zenye ukingo laini + 1.14

Tuseme una aina 25, na 15 zina ukingo laini. 15 gawanya kwa 25 ni 0.6. Zidisha kwa 30.6 upate 18.36, ongeza 1.14: nyuzi 19.5.

Usitumie kanuni hii ukiwa na aina chini ya 20. Jani moja tu likikosewa litapotosha jibu. Kandokando ya maji mimea yenye meno huwa mingi kuliko kawaida, kwa hiyo jibu linaweza kushuka kuliko ukweli. Na kwenye miamba ya mwanzo wa Kretasia achana nayo kabisa, kwa kuwa mimea ya maua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuenea.

Hatua ya 4: Soma meno

Jino bapa lenye ukingo wa msumeno ni la dinosaria mla nyama. Jino la mviringo lililochongoka, lisilo na msumeno, mara nyingi ni la jamii ya mamba, ambao hubadilisha meno maisha yao yote na kuyaacha kila mahali.

Lakini usikimbilie "mamba, kwa hiyo mto." Mwaka 2010 alitangazwa *Pakasuchus kapilimai*, naye pia wa Rukwa, mamba mwenye ukubwa wa paka. Jina la pili linamuenzi Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fuvu lake lilipatikana mdomo umefumba, ikabidi meno yaonwe kwa CT skani. Mbele ana meno ya kushikia, nyuma ana magego ya kutafunia kama ya mamalia, na mwili wake ni wa mkimbiaji wa nchi kavu. Kama wangetazama tu kwamba ni wa ukoo wa mamba, wangemtia majini.

Hatua ya 5: Ndani ya mfupa na ndani ya gogo

Hii ni kazi ya maabara. Mfupa hukatwa kipande chembamba kinachopitisha mwanga, na humo huonekana mistari ya vipindi ambavyo mnyama aliacha kukua. Gogo lililogeuka jiwe lina pete zake pia. Usidhani kila pete ni alama ya majira ya baridi. Kiangazi nacho huacha alama.

Hatua ya 6: Tafuta alichokula

Mwaka 2011, kwenye mgodi mmoja wa Alberta, Kanada, mwendesha mashine alikutana na dinosaria mwenye magamba magumu kama ngao, ambaye sasa anaitwa *Borealopelta*. Aliishi miaka milioni 110 hivi iliyopita. Mzoga wake ulisombwa hadi baharini ukazikwa haraka, na tumboni kilibaki chakula, bonge la ukubwa wa mpira wa miguu. Uchunguzi uliotolewa 2020 ulikuta asilimia 88 ni majani, mengi yakiwa makangaga laini. Misonobari ilikuwa tele eneo hilo, lakini tumboni haipo ila kwa chembe. Na asilimia 6 ilikuwa mkaa. Mnyama wa kilo 1,300 alipita kwenye mimea migumu, akaenda kuchagua makangaga machanga yanayoota mahali palipoungua.

Mavi yaliyogeuka jiwe hufanya kazi hiyo hiyo. Huko Pisdura, India, mavi ya mwisho wa Kretasia, yanayodhaniwa kuwa ya titanosaria (jamii moja na Mnyamawamtuka), yalikutwa na chembe za silika (madini magumu kama kioo yanayojengeka ndani ya mmea) za nyasi za aina zisizopungua tano. Habari hiyo ilitoka 2005. Nyasi zilikuwepo basi, lakini zimechanganyika na mimea mingine.

Hatua ya 7: Gawanya ukurasa

Chora mstari katikati ya daftari. Kushoto andika ulichoona, kulia unachodhani. Kwa Borealopelta, kushoto: mkaa, asilimia 6. Kulia: alikula mahali palipoungua. Usiruhusu kitu kivuke mstari.

Kisha ndipo uchore. Mchoro wangu wa Mnyamawamtuka una mto na udongo mwekundu. Nyasi nimezifuta. Alipokuwa akila nimepaacha peupe, hadi tutakapopata tope la kijivu.