Somo: Kuishi vizuri na mfadhili aliyekuandika kwenye wosia

Kituo kidogo kikipata habari kwamba mzee fulani amekiandika kwenye wosia wake, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama mzee anasahauliwa hadi siku ya matanga, ama anakabwa kwa simu na ziara zisizokwisha. Somo hili ni la wanaosimamia vituo vya watoto, zahanati za misheni, shule na madrasa hapa Kenya. Sheria ninayoitaja ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Walioko Tanzania au Uganda waulize mawakili wa kwao.

Hatua ya 1: Pokea habari, usiulize kiasi

Mzee akikuambia, shukuru. Usiulize ni shamba lipi, ekari ngapi, au nani mwingine ameandikwa. Muulize kilichomvuta kwenye kazi yenu, kisha mwache aongee. Wapo wengi wanaoona kuandika wosia ni kujiitia kifo, kwa hiyo neno "ukifa" lisitoke kinywani mwako. Yeye mwenyewe akisema "siku nikiwa sipo", fuata lugha yake.

Na ahadi hiyo isiingie kwenye bajeti. Mwenye wosia anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu, bila kukuarifu, na hana deni lolote kwako.

Hatua ya 2: Mpe jina lenu kamili

Vituo vingi vinajulikana kwa jina la mtaa au la mtawa aliyevianzisha. Wosia ukisema "nawaachia watoto wa Sista pale juu", wakili atapata kazi ya mwaka mzima. Mpe karatasi yenye jina lililosajiliwa, namba ya usajili na anwani. Kama mko chini ya dayosisi, huenda mmiliki kisheria ni wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi hiyo, wala si kituo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, inayohusu usajili wa mashirika kama yenu, ilianza kutumika 2024, kwa hiyo hakikisheni jina mnalotoa ndilo lililo kwenye cheti cha sasa.

Akiuliza aandikeje, mwambie "kwa kazi ya jumla ya kituo" inatosha. Zawadi ya kununua mashine za taipu haiwasaidii watoto wa leo.

Hatua ya 3: Kaa mbali na kalamu

Msimlipie wakili, msimpeleke kwa wakili kwa gari la kituo, wala mtu wenu asitie sahihi kama shahidi. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Shahidi akiwa ndiye anayepewa, zawadi yake inaanguka isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Mkurugenzi wenu anaweza kubisha kwamba anayepewa ni kituo, si yeye. Sawa, lakini kwa nini muwape ndugu mlango? Sheria hiyohiyo inabatilisha wosia uliotokana na udanganyifu, shuruti, au usumbufu uliomnyima mtu hiari yake. Picha ya matroni wenu kando ya kitanda cha hospitali, kalamu mkononi, inatosha kuanzisha kesi.

Hatua ya 4: Familia

Hapa ndipo vituo vingi huponzeka. Wosia wa Kenya haufungi mlango moja kwa moja: mke, mume au watoto walioachwa bila riziki ya kutosha wanaweza kuiomba mahakama iwatengee sehemu. Mzee anayewapa nyinyi kila kitu na kuwaacha wanawe mikono mitupu amewaachia kesi. Akikuambia mpango kama huo, mwambie bila kuzunguka kwamba mngefurahi zaidi kupata kidogo kisicho na ugomvi. Najua bodi nyingine zitanichukia kwa hili.

Mhimize awaambie wanawe mwenyewe. Wewe usiwaambie, siri ni yake. Kazi yako ni kuwafanya wakijue kituo kabla ya msiba. Waalike siku ya wageni, waonyeshe mnachofanya, wajue majina yenu. Yule mtoto wa kwanza aliye Qatar au Marekani asisahauliwe, maana ndiye atakayesoma wosia kwenye WhatsApp ya familia na kuuliza, "Hawa ni akina nani?"

Hatua ya 5: Mawasiliano na kumbukumbu

Mpe mtu mmoja jukumu hili, na msaidizi wake, maana wafanyakazi huhama. Salamu za Idi au Krismasi, taarifa ya mwaka, pole anapofiwa. Mwondoeni kwenye ujumbe wa jumla wa kuomba michango. Faili lake lifungiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Akianza kupoteza kumbukumbu, endeleeni kumtembelea, mazungumzo ya mali yakome.

Hatua ya 6: Akifariki

Nendeni matangani kama waombolezaji, na mchango wenu mkononi. Wosia usitajwe. Msiguse mali: kuishika mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai. Baada ya mazishi, mwandikieni msimamizi wa mirathi. Kuna tangazo kwenye Gazeti la Serikali, siku 30 za mapingamizi, na kwa kawaida miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, ili mali igawanywe. Mwaka kupita si ajabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mfadhili wetu ameoa tena uzeeni. Wosia wake bado upo? (Nakuru)
Ndoa inayofungwa baada ya wosia huubatilisha, isipokuwa uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo. Mpongeze kwanza. Baadaye mtajie kwamba wanaooa hushauriwa kumwona wakili tena.

Shikamoo mwalimu. Mama mmoja wa Kiislamu anataka kuachia madrasa yetu nusu ya mali yake. (Mombasa)
Marahaba. Kwa sheria ya Kiislamu, kwa wosia atatoa hadi theluthi moja. Kinachozidi hapo kinahitaji ridhaa ya warithi. Kama anataka zaidi, azungumze na wanazuoni kuhusu wakfu, yaani mali inayotengwa kwa ajili ya kazi ya dini au ya kheri, angali hai na mzima wa afya. Akiuweka katika maradhi ya mauti, unarudi kwenye theluthi.

Bibi alisema kwa mdomo, mbele yetu watatu, kwamba ng'ombe wawili ni wa kituo. Amefariki baada ya mwaka. (Kisii)
Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu. Huo umepitwa. Wanawe wakijua mama alitaka hivyo, wanaweza kuwapa kwa hiari mirathi ikishagawanywa. Msiende mahakamani kwa ng'ombe wawili.

Watoto wa marehemu wanapinga, lakini wako tayari kutuachia nusu. Tukubali? (Machakos)
Mara nyingi, ndiyo. Uamuzi uwe wa bodi nzima, uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na wakili wenu apeleke makubaliano mahakamani yakiwa na sahihi za pande zote. Msipokee hundi mlangoni.